Mazungumzo ya Redioni: Ni Nani Anayesema, na Anasema Juu ya Wapi?

Mhariri aliponijia mwaka huu alinionya mapema kwamba hataki shairi, maana mashairi yameshajaa kabati zima. Alitaka makala ya kueleza jambo. "Jambo gani?" nikamwuliza. "Lolote, mradi unalijua." Nilikuna kichwa siku mbili tatu. Mwishowe nikaona kwamba jambo ninalolijua vizuri, tena nililolijua kwa gharama ya mtu mwingine, ni vile vipindi vya redio ambamo mtangazaji huketi na wageni wakazungumza mambo ya nchi na ya ulimwengu, nao wasikilizaji wakapiga simu. Aliyelipa gharama ni nyanya yangu. Basi nitaanza kwake, halafu nieleze.

Kwetu nyanya tunamwita Susu. Anaishi upande wa Kibwezi, Kaunti ya Makueni, nami nasoma huku Kitui. Kati yetu kuna Mto Athi, na lugha ni moja ng'ambo zote mbili. Mwishoni mwa Oktoba 2024, nikiwa Kidato cha Pili, tulifunga shule nikapanda matatu ya kwenda Kibwezi kwa ile barabara ya Mutomo. Dereva alikuwa amefungua kituo kimoja cha Kikamba. Mimi nikalala fofofo. Tulipokaribia Ikutha tukagonga tuta, nikashtuka, na sauti niliyoamkia ilikuwa ikisema kwamba mbegu za bure, mahindi yanayokomaa upesi pamoja na ndengu, zingegawiwa wakulima wiki iliyokuwa ikija kupitia ofisi za machifu, na kwamba kila mkulima aende na kitambulisho. Yakafuata matangazo ya biashara, ukafuata wimbo, kisha redio ikaanza kukwaruza na dereva akahamia kituo kingine.

Nilifika nyumbani nimejaa habari kama gunia. Susu alikuwa ametenga debe zake za mbegu, na kesho yake alitaka kuzitia ardhini. Msomaji wa mbali na kwetu nimweleze hapa kidogo. Ukambani tuna misimu miwili ya mvua, na ile tunayoitegemea hasa ni ya Oktoba hadi Desemba. Ni fupi. Kwa hiyo wazee hupanda kwenye udongo mkavu, mbegu ikaingojea mvua chini, maana anayesubiri tone la kwanza ndipo atafute jembe huwa amekwisha kupoteza siku ambazo hazirudi.

"Susu, usizipande hizo," nikamwambia. "Redio imesema serikali inaleta mbegu mpya wiki ijayo."

Akaniuliza, "Ni nani aliyesema?"

"Redio."

"Redio si mtu," akasema. Lakini mimi ndiye msomi wa boma, mwenye sare na kitabu cha Jiografia. Akaziweka debe chini.

Mvua ilikuja siku za kwanza za Novemba, mbegu za majirani zikiwa tayari zimelala ardhini. Ijumaa Susu akafunga leso akaenda kwa chifu na kitambulisho chake. Hakukuwa na mbegu. Naibu wa chifu hakuwa hata amesikia neno. Baadaye binamu yangu, ambaye alikuwa amekisikiliza kipindi kile tangu mwanzo, alinieleza kwamba mgeni alikuwa afisa wa mradi fulani wa huku Kitui, akizungumzia wadi chache za Kitui, tena kwa wakulima waliokwisha kujiandikisha. Mimi nililidaka jambo katikati, nikalivusha mto, nikalifanya la Makueni.

Susu alipanda akiwa amechelewa siku kumi. Mvua ikakatika mapema. Mbaazi zilisimama, si unajua mbaazi ina mizizi mirefu, na kunde akapata kidogo. Mahindi yalinyauka kabla ya kubeba. Kuanzia Februari akawa ananunua mahindi kwa gorogoro kama watu wa mjini. Hakunigombeza hata siku moja. Alisema tu, kila alipopima unga, "Redio inanidai."

Sasa tuangalie kosa lilikuwa wapi, maana halikuwa la usingizi wangu peke yake.

Gazeti hukusaidia bila wewe kujua. Lina mistari na visanduku. Habari iko hapa, barua za wasomaji ziko pale, tangazo la kulipiwa limezungushiwa mpaka wake, maoni ya mhariri yana ukurasa wake. Ukilidaka gazeti kwenye ukurasa wa kumi unaweza kurudi wa kwanza. Redio haina visanduku wala hairudi nyuma. Taarifa ya habari, maneno ya mwanasiasa, kelele za mpigaji simu na tangazo la dawa ya kupe, yote hutoka katika kipaza sauti kilekile. Ndiyo maana mtu husema "redio imesema" kama nilivyosema mimi, kana kwamba kuna mzee mmoja mle ndani ajuaye kila kitu.

Ukweli ni kwamba aina hizo za maneno hupikwa jikoni tofauti. Taarifa ya habari huandikwa kwanza. Kuna mwandishi aliyekwenda mahali, au shirika la habari kama Reuters, AFP au Shirika la Habari la Kenya lililotuma ripoti, na kuna mhariri anayepaswa kuuliza "umejuaje?" kabla msomaji wa habari hajafungua kinywa. Mazungumzo ni kitu kingine kabisa. Mtayarishaji huchagua mada asubuhi au siku iliyotangulia, huwatafuta wageni, huwaandikia maswali machache, halafu taa nyekundu ikiwaka kila kitu ni papo kwa papo. Hakuna awezaye kuhariri neno lililokwisha kutoka. Mtangazaji yuko pale kwa niaba yako wewe msikilizaji: mgeni akisema jambo kubwa, yeye ndiye wa kuuliza lini, wapi, kwa nani, na kwa fedha za nani. Akinyamaza, basi nchi nzima imenyamaza pamoja naye.

Upande wa pili wa kioo ameketi fundi mitambo, na pembeni yuko anayepokea simu. Huyu wa simu humwuliza mpigaji jina lake, anakopigia, na anachotaka kusema, kisha humweka kwenye foleni. Vituo vingine vina mtambo unaochelewesha sauti kwa sekunde chache, ili mpigaji akitukana au akianza uchochezi akatwe kabla hajawafikia watu. Hata hivyo mtambo huo unakamata matusi; uongo unaosemwa kwa adabu unapita salama. Nao wapigaji simu si sampuli ya wananchi. Wengi ni walewale, hadi tunawajua kwa majina yao ya kujipachika, na mtu mwenye shida kubwa kuliko wote pengine hana hata salio la kupigia.

Halafu kuna muda ulionunuliwa. Kampuni, mganga au mwaniaji wa kiti hulipia nusu saa, akaletwa studioni na kuulizwa maswali matamu matamu. Kwa sikio, nusu saa hiyo inafanana kabisa na mahojiano ya kweli. Kituo chenye heshima husema wazi mwanzoni na mwishoni kwamba kipindi kimelipiwa. Shida ni kwamba wengi wetu huingia katikati, kama mimi pale Ikutha.

Kwa sababu hiyo watangazaji wazuri wana desturi moja ambayo zamani iliniudhi. Kila baada ya dakika chache hurudia: "Kama ndiyo kwanza unajiunga nasi, niko na fulani, afisa wa mahali fulani, tunazungumzia jambo fulani." Nilikuwa nikidhani wanajaza muda. Kumbe ndicho kisanduku cha gazeti kinachochorwa kwa mdomo. Siku ile mtangazaji hakurudia, au alirudia mimi nikiwa bado nakoroma. Sitaki kumlaumu asiyekuwapo.

Tukiacha ya Susu kidogo, tuulize mazungumzo haya yalitoka wapi. Redio ilianza Kenya mwaka 1928, kwa ajili ya walowezi waliotaka habari za kwao Uingereza. Mwafrika hakuwa msikilizaji waliyemfikiria. Mwaka 1961 likaundwa Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC. Mwaka 1964, baada ya uhuru, serikali ikalichukua na kuliita Sauti ya Kenya, VoK. Mwaka 1989 likarudia jina la KBC. Idhaa yake ya Kiswahili, Idhaa ya Taifa, ndiyo iliyowafundisha wazazi wetu kusikiliza pamoja. Hapo ndipo Leonard Mambo Mbotela alipokuwa na kipindi chake cha "Je, Huu ni Uungwana?" kilichoanza mwaka 1966 na kudumu miaka na miaka. Alikuwa akichukua jambo dogo la kila siku, kama vile mtu anayeingia kwa jirani wakati wa chakula makusudi, akawauliza wasikilizaji kama huo ni uungwana. Mzee huyo alifariki Februari 2025. Mimi nakihesabu kipindi kile kuwa mwalimu wa mijadala yetu, kwa sababu kiliwazoesha watu kuuliza swali hadharani wakati ambapo maswali makubwa hayakuulizika.

Maana hayakuulizika kweli. Agosti 1, 1982, wanajeshi waliojaribu kuipindua serikali walikimbilia kituo cha redio Nairobi, wakamchukua huyohuyo Mbotela kutoka nyumbani kwake na kumlazimisha atangaze kwamba serikali imeangushwa. Walijua kwamba nchi ilikuwa na mdomo mmoja. Anayeushika mdomo huo kwa saa chache anaweza kuonekana ameshika nchi. Jaribio lilishindwa siku ileile, lakini mdomo ulibaki mmoja miaka mingi baadaye.

Mlezi wa chama chetu hutusimulia kwamba miaka ya tisini, akiwa mwanafunzi, wao walikuwa wakipata mjadala wa mambo ya Kenya kutoka nje ya Kenya. Jioni walikusanyika kwenye redio ya masafa mafupi, mmoja akiushika waya wa antena na kuambiwa asipumue, wakasikiliza Dira ya Dunia ya BBC. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza Juni 27, 1957. Sauti ya Amerika ikafuata kwa Kiswahili mwaka 1962, na Deutsche Welle ya Ujerumani mwaka 1963. Ati mtu wa Mwingi alipata habari za Nairobi kupitia London! Tulicheka, lakini mwalimu hakucheka. Alisema sauti ya mgeni ilikuwa msaada mkubwa, ila mgeni ana nyumba yake na siku moja ataizima taa. Tuliona jambo hilo kwa macho yetu: Machi 2025 serikali ya Marekani iliwapa wafanyakazi wa Sauti ya Amerika likizo ya lazima na matangazo ya Kiswahili yakanyamaza. Hakuna msikilizaji wa Makueni aliyeulizwa.

Hapa nchini mambo yalianza kufunguka kuanzia mwaka 1996, vituo vya FM vilipoingia Nairobi, na kuanzia mwaka 2000 vikaja vya lugha za mama. Leo Mkamba ana Musyi FM, yaani "nyumbani", ya kampuni ya Royal Media. Ana Mwatu FM ya KBC yenyewe, na mwatu ni mzinga wa nyuki. Na vingine tele. Sheria iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2009 inavigawa vituo katika makundi matatu: vya umma, vya biashara na vya jamii. Ni vizuri mwanafunzi ajue kituo anachosikiliza kiko kundi lipi, kwa sababu kila kundi lina bwana wake. Cha biashara kinamtazama mwenye matangazo. Cha umma kinaishi kwa mali ya umma, kwa hiyo Katiba ya 2010, Kifungu cha 34, inakidai mambo matatu: kiwe na uhuru wa kuamua chenyewe kitakachotangaza, kisipendelee upande, na kitoe nafasi ya haki kwa maoni yanayopingana. Mimi huyasoma maneno hayo nikafikiri kwamba ni deni. Ukisikia kituo cha umma kikimhoji mkubwa mmoja saa nzima bila mpinzani wala swali gumu, wewe mwananchi unadai.

Kundi la tatu, la jamii, tunaye mfano wake karibu na kwa Susu. Kule Nthongoni, eneo la Kibwezi, vikundi vya akina mama zaidi ya 30 vilivyokuwa vimeungana kwa kazi za maendeleo viliona kwamba maji, mbuzi na asali havitoshi bila habari. Wakaanzisha Redio Mang'elete, iliyoingia hewani mwaka 2004, ikizungumza Kikamba na Kiswahili. Hebu fikiria: akina mama wa mashambani, wengi wakiwa wakulima wa kawaida, wanamiliki kituo cha redio wakati ambapo wengi nchini waliamini kwamba redio ni kitu cha serikali au cha tajiri. Katika kituo cha namna hiyo mada ya mazungumzo haitoki mbali. Mto umekauka kwa sababu mchanga umechotwa, basi mazungumzo ni mchanga. Makueni ilipitisha sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na jambo kama hilo likijadiliwa redioni, anayepiga simu ni mtu anayechota maji kwenye kisima cha mtoni palepale. Mgeni hawezi kumdanganya kuhusu kina cha kisima chake.

Kuna watakaosema: basi lugha ya mama ndiyo dawa, kila mtu azungumze kwake. Haba na haba. Lugha ya mama inamfikia Susu vizuri kuliko nyingine yoyote. Lakini pia inaweza kufunga mlango ili majirani wasisikie tunayowasema. Rwanda, mwaka 1993, ilianzishwa redio iliyoitwa RTLM. Haikuwa redio ya kuchosha. Ilikuwa na muziki, mizaha na mazungumzo ya kijiweni, vijana wakaipenda. Mwaka 1994 ikawataja watu kwa majina na mahali walipojificha, wakauawa. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu wakuu wake Desemba 2003. Sisi wenyewe baada ya uchaguzi wa 2007 tuliona dalili. Desemba 30, 2007, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na lawama nyingi zikaelekezwa kwa vipindi vya simu vya lugha za mama. Mtangazaji mmoja wa Kenya alifikishwa hata mbele ya Mahakama ya ICC, ingawa kesi yake ilisitishwa Aprili 2016 kwa ukosefu wa ushahidi wa kutosha. Katiba yetu inalinda uhuru wa kusema lakini haimlindi anayechochea vita au chuki. Kwa hiyo mtangazaji anayemkata mpigaji simu hamnyimi haki kila mara. Wakati mwingine anazima kiberiti.

Lakini je, mambo ya ulimwengu yanatuhusu nini sisi wa huku kwenye vumbi? Swali hili niliulizwa na mwenzangu bwalo, mdomo ukiwa na githeri. Nilimkumbusha mwaka 2020. Nzige walipoingia Kitui, kule Mwingi, walikuwa wametoka mbali: walizaliana kwenye jangwa la Arabuni baada ya vimbunga vya 2018, wakavuka Yemen wakaingia Pembe ya Afrika. Yemen ilikuwa vitani, hakuna aliyewapulizia dawa ipasavyo. Mtu aliyekuwa akisikiliza mazungumzo ya mambo ya nje alijua wanakuja. Ambaye aliizima redio akisema "hizo ni za Waarabu" aliwaona wakiwa juu ya mtama wake. Au chukua mwaka 2022. Urusi iliivamia Ukraine mwezi wa Februari, na bei ya mbolea, ambayo ilikuwa imeanza kupanda tangu 2021, ikazidi kupaa. Urusi ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mbolea duniani. Taarifa ya habari ilikwambia vita vimeanza. Ilibidi kuwe na mazungumzo, na mgeni mwenye subira, ili kukuonyesha njia kutoka Kyiv hadi duka la pembejeo la Wote.

Subira hiyo ni pamoja na lugha. Mgeni mmoja aliwahi kusema redioni neno "ruzuku" mara kumi bila kulifafanua. Susu akafurahi sana. Alidhani ni riziki. "Serikali inagawa riziki sasa?" aliniuliza. Nikamweleza kwamba ruzuku ni pale serikali inapolipa sehemu ya bei ili mkulima anunue mbolea kwa bei nafuu. Akafikiri, akasema, "Basi si riziki. Riziki hailipiwi nusu." Wanachama wa Kiswahili, hapa tuna kazi. Mswada, bajeti ya nyongeza, ushirikishwaji wa umma: maneno haya tunayakariri kwa mtihani, na kuna watu wanaoyasikia kila asubuhi wasijue yanawataka waende wapi.

Nilipomweleza mlezi wetu habari za debe za Susu, hakunihubiria. Alinipa kitabu kilichokuwa na habari za Tanzania. Mwaka 1973 kule Tanzania iliendeshwa kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Redio ilitangaza vipindi vya afya, lakini watu hawakuachwa wasikilize kila mmoja kivyake. Waliunda vikundi, kila kikundi na kiongozi wake aliyepewa mafunzo na kijitabu, wakasikiliza pamoja, wakazungumza, kisha wakaamua watafanya nini hapohapo kijijini: kuchimba choo, kufyeka vichaka, kuchemsha maji ya kunywa. Walioshiriki walifikia kiasi cha watu milioni mbili. Kilichonishika mimi si ukubwa wa hesabu. Ni kwamba redio ilipozimwa ndipo mazungumzo yalipoanza, na katika kikundi kuna daima mtu mmoja atakayesema, "Ngoja, mimi nilisikia vingine."

Mimi ndani ya matatu sikuwa na mtu huyo.

Basi tukaanza letu. Shuleni haturuhusiwi simu, jambo ambalo wengi hulilalamikia, lakini redio ya bwalo tunayo. Kila Jumatano baada ya chakula cha jioni, wanachama kama ishirini hubaki. Tunasikiliza taarifa ya habari ya saa moja, kisha mazungumzo yoyote yatakayopatikana kwa Kiswahili mpaka kengele ya masomo ya jioni. Katibu anaandika kwenye daftari: ni nani aliyezungumza, ni wa wapi, analipwa na nani ikiwa imetajwa, alisema jambo juu ya mahali gani, na swali gani aliulizwa akalikwepa. Safu hiyo ya mwisho hujaa haraka kuliko zote. Jumatano moja tulisikiliza mjadala mzima juu ya gharama ya maisha, na katibu alipofunga daftari tukagundua kwamba katika wageni watatu hakuna hata mmoja aliyetaja bei ya kitu chochote. Mwanachama mmoja akasema bei ya unga kwao Zombe anaijua. Tukamwandika yeye.

Si kila mtu anaupenda mchezo huu. Wengine wanataka muziki, nao wana haki. Redio ni ya bwalo zima. Kwa hiyo tumekubaliana Jumatano ni yetu na Jumamosi ni yao.

Oktoba 2025 nilifunga shule nikaenda tena kwa Susu, na safari hii sikulala garini. Nilimkuta na redio yake ndogo imening'inia kwenye mwembe, na simu yake ya mulika-mwizi mkononi. Kituo kimoja cha kule kwetu kilikuwa na mgeni wa mambo ya kilimo na hali ya hewa, wasikilizaji wakialikwa kupiga simu. Mgeni alikuwa akizungumza vizuri, kwa sauti ya kupendeza, kuhusu lini watu watie mbegu ardhini. Susu alinituma ndani nikamletee salio la shilingi ishirini kutoka kwenye kikopo. Alipiga mara nne ikawa inatumika. Mara ya tano akapokewa, akaulizwa jina na anakopigia, akangoja kwenye foleni huku akinifokea nipunguze sauti ya redio isije ikarudi kwenye simu. Akaingia hewani.

Mtangazaji akamsalimu, "Karibu Mama, una swali gani kwa mgeni wetu?"

Susu akasema, "Nimechelewa kufungua. Kwanza aniambie yeye ni nani, na hayo anayosema ni ya ng'ambo gani ya Athi."

Mtangazaji alicheka, mgeni naye akacheka, kisha akajitambulisha upya tangu mwanzo: jina lake, ofisi yake, na kwamba utabiri aliokuwa akiusoma ulikuwa wa Makueni ya chini, Kibwezi ikiwemo. Susu akamshukuru, akakata simu ili asimalize salio. Debe zake alizitia ardhini Jumamosi iliyofuata, udongo ukiwa bado mkavu.